Pengo la Namba Nne

Simu ya mwanasheria wa wanunuzi iliita saa mbili na robo asubuhi, Nukta yuko nyumbani, ameshika kikombe cha chai mkono mmoja, na mkono wa pili unahangaika na kifungo cha koti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Si tulisema saa nane mchana?"

"Saa nane iko palepale. Ila nina mkataba wenu hapa mbele yangu. Vipengele vinakwenda moja, mbili, tatu, halafu tano. Nne haipo."

"Haipo kivipi?"

"Haipo tu. Imerukwa. Mimi si fundi, mzee, lakini wakubwa zangu wameiona, na mmoja amecheka. Anasema tunanunua programu ya kupanga maandishi isiyojua kuhesabu hadi kumi."

Nukta alikiweka kikombe juu ya meza taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Mwambie huyo aliyecheka," alisema, "kabla ya saa nane atapata jibu."

Watu wa kiwanda cha uchapaji walimwita Nukta kwa sababu siku moja alisimamisha mashine, karatasi elfu tatu zimeshachapwa, kwa ajili ya nukta moja iliyokosekana. Jina walimpa kwa kejeli, yeye akalivaa kama nishani. Aliingia pale akiwa mfagiaji, akapanda hadi kuwa mpanga herufi za risasi, zile zilizopangwa moja moja kwa vidole na kusomwa kinyumenyume. Shule iliyompita mchana aliifuata usiku, ana watoto watatu na mvi za kwanza: hesabu, sarufi, mwisho kompyuta. Vijana wa darasani walimwita babu. Haikupita miaka miwili, vijana haohao wakawa wanampigia simu kumwuliza hili na lile. Jambo hilo hakulisahau, na wala hakumwachia mtu mwingine nafasi ya kulisahau.

Herufi za risasi zilipouzwa kama chuma chakavu, wenzake walilia. Yeye aliandika Safu.

Safu ilikuwa programu ya kupanga maandishi. Unaandika maneno yako, unatia alama chache, nayo inajua hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni orodha. Orodha ndiyo iliyokuwa fahari yake. Ukiondoa kitu cha tatu, cha nne kinakuwa cha tatu, cha tano kinakuwa cha nne, na kuendelea hadi mwisho, bila mtu kugusa kitu. Ndiyo maana kiwandani kulikuwa na amri iliyobandikwa ukutani kwa herufi kubwa: NAMBA HAIANDIKWI KWA MKONO. Na sasa kampuni ya vitabu vya shule ilitaka kukichukua kiwanda chote, ambacho sasa kilikuwa chake, pamoja na Safu, na yeye mwenyewe angebaki msimamizi wake. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya akubali. Mtu hatoi mtoto wake akalelewe kwingine bila haki ya kwenda kumtazama.

Alipofika kwenye chumba chake cha nyuma kiwandani, hakuvua koti. Aliwasha kompyuta, akafungua kanuni za Safu zenyewe, yale maagizo yanayoiendesha, mstari juu ya mstari, akaanza kutafuta.

Mwezi uliopita alikuwa ameongeza kanuni mpya ya orodha za herufi, alifu kwa ujiti, a, be, che. Basi alijishuku hapo kwanza. Aliisoma ile kanuni mara tatu. Akaitoa. Akaandika orodha ya kujaribia, vitu kumi vya jikoni kuanzia sufuria hadi kiberiti, akafuta cha nne. Safu ikamletea tisa, zimenyooka kama meno ya kitana. Akairudisha ile kanuni, akajaribu tena. Tisa zilezile, zimenyooka vilevile.

"Mbona kwangu huugui?" aliiuliza.

Akachukua nakala ya mkataba iliyochapwa, akayaandika maneno yake upya neno kwa neno, kama mpanga herufi asiyefuata maana, akaipa Safu. Moja hadi tisa, hakuna pengo. Akachapa lile faili la mkataba lenyewe. Moja, mbili, tatu, tano.

Programu ikikosea kila mara, hiyo ina ugonjwa na ugonjwa una dawa. Ikikosea kwa huyu na isikosee kwa yule, inakufanya ushike kichwa chako na kuuliza kama bado kinafanya kazi. Na hilo la kichwa halikuwa geni kwake. Miezi mitatu sasa lilikuwa likizungumzwa, kwa utani. Aliyekuwa akilizungumza ni Shemeji.

Shemeji alikuwa mdogo wa mke wake. Alikuja kuishi kwao akiwa na miaka kumi na tisa, begi moja na kikohozi. Nukta alimfundisha kazi tangu kushika koleo la kuokotea herufi hadi kuandika kanuni za Safu. Miaka ishirini na minne walikuwa wakitaniana kama mashemeji wanavyotaniana, na hakuna aliyewahi kukasirika. Ila tangu ile siku Nukta alipoacha funguo zake ndani ya friji, utani wa Shemeji ulikuwa na wimbo mmoja.

Aliingia saa tatu na nusu, amevaa shati jipya.

"Hee, shemeji! Umewahi. Leo umekumbuka njia mwenyewe au umeuliza?"

"Nimefuata harufu ya marashi yako. Umeoga chupa nzima?"

"Leo tunatia saini, lazima ninukie. Unatafuta nini humo?"

Nukta alimweleza. Shemeji alisikiliza, akajikuna shingo, kisha akacheka. Kicheko kilichelewa kidogo.

"Ah, hilo tu? Achana nalo. Ngoja mimi niandike namba kwa mkono, dakika moja, nimtumie mama wa sheria, yaishe."

"Umesemaje?"

"Kwa mkono. Leo tu."

"Katika nyumba hii?" Nukta alionyesha ukutani bila kugeuka. "Niuze programu inayopanga namba, na mkataba wa kuiuza upangwe kwa mkono? Si nitachekwa na mapanya?"

"Shemeji, ni karatasi. Nimeshaisoma neno kwa neno, nilikuambia. Wewe tia saini, ukapumzike. Umri huu si wa kukodolea macho kioo. Ukiendelea kuchokonoa kanuni siku kama ya leo utaharibu hata kilicho kizima."

Alisema kwa upole, akimshika bega. Upole ule ulimwingia Nukta kama maji baridi masikioni. Huenda kweli. Huenda alikuwa ameshaharibu na hajui.

"Nipe saa moja," alisema.

"Saa moja, babu yangu. Mimi nakwenda kuchukua mihuri." Akatoka. Nukta alimsikia akitembea haraka koridoni, kisha mlango wa nje.

Mama Gundi alichungulia kutoka chumba cha kujalidi, brashi mkononi. Yeye alikuwa ameunganisha kurasa pale kwa miaka kumi na minane, na hakuna aliyemjua bila gundi kwenye kiwiko.

"Baba, chai niliyokuletea imeota ngozi. Kuna nini?"

"Mama Gundi, niambie kweli. Mimi nimeanza kuchanganyikiwa?"

"Wewe?" Alijishika kiuno. "Juzi umenirudishia vitabu arobaini eti uzi umepita tundu la pili badala ya la tatu. Nilikutukana mpaka nikamaliza matusi ya kwetu, nikaazima ya jirani. Mtu aliyechanganyikiwa haoni tundu la uzi. Labda uache tu kutazama mahali ambapo hukupoteza kitu."

"Nitazame wapi?"

"Mimi najua gundi. Ukurasa ukiwa haukai, sianzi kupima gundi. Nafungua kitabu nione kuna nini katikati."

Akarudi kwenye kazi yake. Nukta aliona kwamba saa nzima alikuwa akipima gundi. Tangu asubuhi hakuwa amelifungua lile faili la mkataba likiwa uchi, kama lilivyoandikwa kabla Safu haijalivika. Hakuona haja. Aliyeliandika ni Shemeji, na kazi ya Shemeji ni kazi yake mwenyewe.

Akalifungua. Akakuza maandishi hadi yakawa makubwa kama ya bango. Kipengele cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Halafu, kwa rangi ya kijivu hafifu kama vumbi, mistari mitatu.

Pazia.

Hapa yafaa kueleza desturi ya nyumba ile. Zamani za risasi, mteja mmoja aliagiza aya nzima iondolewe, wakaivunja, herufi wakazirudisha kwenye visanduku vyake. Kesho yake akaja analia kwamba anaitaka. Nukta aliipanga upya hadi vidole vikatoka damu. Tangu siku hiyo fundisho lake likawa moja: usifute, funika. Katika Safu alitengeneza alama ya kufunika, wakaiita pazia. Maneno yaliyo nyuma ya pazia hayachapwi, lakini yapo. Na ili mtu asifunike ovyo, Safu ilikuwa haikubali pazia mpaka iandikwe tarehe, aliyefunika, na sababu. Ukiacha sababu, inakuuliza. Ukiacha tena, inakuuliza tena. Alimfundisha Shemeji hivyo wiki ya kwanza ya Safu, kama mtu anavyofundishwa kunawa mikono.

Na hakuna, katika miaka yote hiyo, aliyewahi kufunika kitu katikati ya orodha. Walifunika aya, walifunika picha, walifunika kurasa. Basi hakuna aliyejua kwamba Safu huhesabu kwanza, ndipo huteremsha pazia. Kilichofunikwa kilikuwa kimeshachukua namba yake.

Kwa hiyo kosa lilikuwepo kweli, na lilikuwa lake. Kulirekebisha ni kuhamisha mstari mmoja tu, pazia litangulie na hesabu ifuate. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kibodi, umejaa furaha ya fundi aliyempata mwizi wa usingizi wake. Angegusa tu, namba zingejipanga, moja hadi tisa, na mama wa sheria angeridhika. Alikuwa karibu kucheka.

Ndipo akasoma kilichofunikwa.

*Msimamizi wa Safu atabaki kuwa mwandishi wake kwa kadiri ya nguvu zake, na hakuna kanuni itakayobadilishwa kabla yeye hajaiona.*

Na juu yake, tarehe ya wiki mbili nyuma, na:

*Aliyefunika: mimi. Sababu: mzee amechoka. Dada amekubali. Asionyeshwe kabla ya saini.*

Aliisoma kwa midomo, kama wanafunzi wa usiku wanavyosoma. Kisha akaisoma tena akiwa amevua miwani, ingawa bila miwani hakuona kitu.

Si kwamba Shemeji alikuwa mjinga hata akaandika hayo. Programu ilimwuliza sababu, naye akajibu. Miaka yote ya Safu alikuwa akijibu kweli mbele ya swali lile, na hakuna aliyewahi kurudi kusoma majibu. Mkono uliozoea kusema kweli ulisema kweli hata ulipokuwa unaiba. Na kwa nini hakufuta kabisa? Kwa sababu hakufundishwa kufuta. Nukta aliona uchungu wa ajabu: kijana wake alikuwa amemdhulumu kwa adabu zote za kazi.

Lakini neno lililomchoma halikuwa hilo. Lilikuwa "dada".

Alipiga simu nyumbani.

"Baba watoto," mkewe aliitikia, "umesahau miwani?"

"Ninayo. Mke wangu, kipengele cha nne unakijua?"

Alisikia maji ya bomba yakifungwa.

"Nani kakwambia?"

"Basi unakijua."

"Nisikilize. Ndugu yangu alisema kampuni imekataa. Alisema hawataki msimamizi wa miaka sabini, na wewe ukisikia hivyo utachana mkataba wote, ufe na kiwanda mkononi. Nilifikiri... ukishatia saini utakasirika wiki moja, mbili, halafu utakaa nyumbani. Macho yako yamekwisha, baba watoto. Nakuona usiku unapapasa ukuta."

"Wiki mbili umenipakulia chakula unajua."

"Nimekupakulia, ndiyo. Na mimi sikula vizuri."

"Asubuhi hii umenifunga tai ukiwa unajua."

Nukta alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka arobaini na moja ya ndoa, na akabaki akiitazama simu kama kwamba ndiyo iliyomkosea.

Kisha akampigia mwanasheria.

"Nimelipata kosa," alisema. "Lakini niulize kwanza. Ninyi ndio mliokataa nibaki msimamizi?"

"Sisi?" Mwanasheria alishangaa waziwazi. "Mzee, sisi ndio tulioliomba hilo. Ni shemeji yako aliyetuambia umebadili nia, unataka kupumzika. Wakubwa zangu walisikitika. Walisema basi, maadamu kipengele cha msaidizi kipo, yeye ataongoza."

"Cha saba."

"Hicho hicho. Msaidizi wa msimamizi na mrithi wake."

"Asante, mwanangu. Saa nane nitakuwa hapo na karatasi iliyonyooka."

Shemeji alirudi saa tano kasoro, mihuri ndani ya mfuko wa karatasi, anapiga mluzi. Mluzi ulikatika mlangoni. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimegeuzwa kutazama mlango, na yale maneno ya kijivu yalikuwa makubwa kama ya bango.

"Shemeji," alisema. Halafu: "Nitakueleza."

"Eleza."

"Wewe unajua mwenyewe ulivyo siku hizi. Funguo. Ile barua uliyoituma mara mbili. Mimi nilikuwa nakulinda usije ukaaibika mbele ya watu wageni."

"Ulimwambia dada yako wao ndio waliokataa. Ukawaambia wao kwamba mimi ndiye niliyekataa. Mimi ulinilinda kwa kuniambia nini?"

Shemeji alitafuta mahali pa kuweka mihuri, hakupaona.

"Miaka ishirini na minne," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya utani tena, "nikiingia chumba hiki bado nabisha hodi. Kila nilichoandika umekipitia. Kila koma. Nina miaka arobaini na mitatu, shemeji. Nywele zinanitoka na bado ni mwanafunzi wako."

"Ulikuwa mrithi wangu. Niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu, mezani kwangu, nikakupa ukapange. Ulichokuwa huna ni subira tu."

"Ningengoja mpaka lini?"

Swali lilikuwa la haki kuliko Nukta alivyotaka liwe. Alilihifadhi mahali, kwa siku nyingine.

"Leo asubuhi," alisema, "nilikaa hapa saa nzima nikijiona mwendawazimu. Nimeibomoa Safu vipande vipande nikitafuta kosa langu. Nilijishuku mimi, nikashuku umri wangu, nikashuku hata alifu kwa ujiti. Kila kitu nilikishuku isipokuwa wewe. Ungeninyang'anya usimamizi tu, tungegombana, tukapatana, sisi ni ndugu. Lakini ulikuja ukanishika bega ukaniacha niamini kichwa changu ndicho kibovu. Hilo, shemeji, sijui pa kuliweka."

Mama Gundi alikuwa ameacha kupaka. Brashi haikusikika.

Nukta aligeuza kioo kikamtazama yeye mwenyewe. Aliliondoa pazia la kipengele cha nne, na maneno yakatoka kwenye kijivu yakawa meusi. Kisha akashuka hadi cha saba. *Msaidizi wa msimamizi, naye ndiye mrithi wake, ni shemeji yake.* Aliuweka mshale mwanzo wa mstari.

"Kifunike, basi," Shemeji alisema haraka. "Najua nimekosa. Kifunike, mambo yakitulia tutazungumza. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Usifute, funika."

"Ndiyo. Niliwafundisha."

Alikumbuka begi moja na kikohozi. Alikumbuka kijana akishika koleo la herufi kwa mara ya kwanza, ulimi umetoka nje ya mdomo kwa umakini. Mbele ya kibodi alisikia lile swali la pazia kana kwamba linaulizwa kwa sauti: sababu? Na akaona kwamba hakuwa na sababu ambayo angependa mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, arudi kuisoma.

Akafuta.

Hakufunika. Alifuta maandishi ya kazi, kwa mara ya kwanza tangu Safu izaliwe, na mstari ukatoweka bila kuacha hata vumbi. Akaiamuru programu ichape. Mashine ilinguruma, karatasi ikatoka, ina joto. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Cha nane kilikuwa kimekuwa cha saba, cha tisa cha nane, cha kumi cha tisa. Zilinyooka tangu juu hadi chini, hakuna pengo, na mtu ambaye hakujua asingejua kwamba hapo palikuwa na mtu.

"Mihuri iache mezani," Nukta alisema.

Shemeji aliiacha. Mlangoni alisimama, pengine akingoja neno la utani, lolote, hata la kumtukana. Halikuja. Akaondoka.

Nukta alikunja karatasi mara moja, akaitia mfuko wa ndani. Simu iliita. Ni nyumbani. Aliiacha iite hadi mwisho, ikanyamaza, ikaanza tena. Lile kosa la kuhesabu kabla ya pazia alikuwa bado hajalirekebisha, na alijua wakati uleule kwamba hatalirekebisha: aliyekwisha kuhesabiwa asifichwe kimyakimya.

Simu ilipoita mara ya tatu, aliilegeza tai aliyofungwa asubuhi, akaivua, akaikunja vizuri kama ilivyostahili, akaiweka kwenye droo. Ndipo akapokea.

"Nipo," alisema. "Sema yote. Usiruke kitu."